Dawa Haina Nyongeza

Alitufundisha hesabu tukiwa tumepeana mgongo. Wawili wawili, kigoda kwa kigoda, mabega yakigusana, kila mmoja na daftari lake mapajani. Swali analisoma mara moja tu. Mnakokotoa kimya. Mkimaliza mnahesabu moja, mbili, tatu, halafu mnataja majibu kwa pamoja na kwa sauti. Yakifanana mnaendelea. Yakitofautiana, hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako amekosea, wala ya kugeuka kuchungulia. Mnasema "tuanze upya", na mnaanza kweli, kutoka mstari wa kwanza. Nimeona watu wakirudia swali moja mara sita mpaka shingo zinakakamaa, na yeye amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai.

Tulimwita Mwalimu. Jina lake kamili nililiona mara moja tu, limeandikwa kwenye kadi ya hospitali, na sitaliandika hapa kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe. Alikozaliwa sikujua, na chumba alicholala sikuwahi kukiona. Nilichokijua ni chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga pale Mkuyuni, ambako alifundisha kila siku isipokuwa Jumapili, na ubao wake, ambao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa ukutani. Matundu ya bawaba na tundu la kitasa yalikuwa bado yapo. Ukiwa mgeni uliangalia lile tundu la kitasa badala ya kuangalia hesabu.

Waliokuja kwake walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wanataka uuguzi. Kulikuwa na chuo kimoja cha kanisa ambacho hakikuridhika na vyeti peke yake. Kilitunga mtihani wake wa hesabu wa kuingilia, na kikokotoo hakikuruhusiwa: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, kugeuza gramu kuwa miligramu na lita kuwa mililita. Watu walipenda kusema hizo ni hesabu za shule ya msingi. Ni kweli, na ndiyo maana zinaaibisha. Ukishindwa kemia mtu anakuhurumia. Ukishindwa kugawanya sita kwa robo, anakutazama tu.

Mimi nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Hesabu ya kidato cha nne nilipata F, na mtihani wa chuo ulinirudisha nyumbani mwaka wa kwanza, ukanirudisha tena mwaka wa pili. Baba mdogo alikuwa na duka la vipuri Geita na alikuwa ananisubiri. Mama alinieleza kwa upole, tukiwa tunachambua mchele, kwamba safari ya tatu ndiyo ya mwisho, nikikosa nifungashe niende Geita. Nilikuwa nimeutaka uuguzi tangu nikiwa mdogo kiasi cha kumfunga mdoli bandeji. Basi nilikwenda Mkuyuni na kigoda changu kichwani, kwa sababu kwake kila mtu alikwenda na kigoda chake.

Ile mashine ya kusaga ilinguruma tangu asubuhi, na unga ulikuwa unatua kwenye madaftari, kwenye nywele, kwenye chai yake. Mwenye mashine, mzee wa Kisukuma ambaye kope zake zilikuwa nyeupe mwaka mzima, aliwahi kuchungulia akatuonea huruma, akamwita Mwalimu mama kwa lugha yake.

"Mayu, niizime kidogo mmalize?"

"Iache ingurume, baba. Wodini nani atawazimia watoto wanaolia?"

Mzee akarudi kwenye magunia yake. Tulipotoka jioni ile alitunong'oneza, "Mwarimu wenu mkari, rakini mkimsikiriza mtapona." Yeye mwenyewe alimwogopa. Alipokuwa anapimia wateja unga na Mwalimu akapita, alirudia kupima.

Jumamosi alitupeleka sokoni. Hakutaka tuchukue daftari. Alisimama mbele ya akina mama wa dagaa na kuuliza: debe moja lina sado tano, sado moja ina visado vinne, huyu mama ameuza visado saba, ameuza sehemu gani ya debe? Tukikuna vichwa, mwenye dagaa alijibu kabla yetu kwa lugha yake, kwamba ameuza theluthi na kidogo, na Mwalimu akasema, "Mama amekadiria vizuri. Sasa nyie nipeni jibu kamili." Saba juu ya ishirini. Asilimia thelathini na tano. Nilijifunza asilimia nikiwa nimesimama kwenye magamba ya samaki, na mpaka leo nikiona alama ya asilimia nasikia ile harufu.

Kituko ni kwamba Mwalimu huyo huyo, akinunua dagaa zake mwenyewe, alidai nyongeza bila haya. Alishika mfuko wazi, akamkazia macho muuzaji, na hakuondoka mpaka kiganja cha juu kimeongezwa, na baada ya hicho kingine. Kabula, ambaye ndiye niliyekuwa napeana naye mgongo, msichana mwenye ulimi mwepesi kutoka Ilemela, alimuuliza siku moja iweje.

"Mwalimu, kwetu unakataa hata tone, na hapa unadai viganja viwili?"

"Sokoni ukiongezewa unashukuru," alijibu akifunga mfuko. "Dawa haina nyongeza."

Hilo alilisema mara nyingi, tukalichoka, tukalifanya utani. Mtu akijipakulia ugali mwingi tulimwambia dawa haina nyongeza. Alikuwa na mengine pia. Jibu likikupendeza, lirudie. Anayekubali haraka hajahesabu. Na kabla hujashika kalamu, kadiria kwanza, jiulize kama linaingia akilini. Kabula aliwahi kukokotoa akapata kwamba mgonjwa ameze vidonge mia mbili na arobaini kwa mara moja, akasoma jibu lake kwa kujiamini. Mwalimu alimtazama, kisha akaniambia mimi, "Nenda kwa mzee wa mashine umwombee bakuli na kijiko." Tulicheka mpaka mzee akaja kuangalia kuna nini. Kabula hakucheka, ila hajawahi kusahau kukadiria tena.

Kwenye desimali hakuwa na utani kabisa. Ukiandika nukta tano bila sifuri mbele yake, alikuja polepole, akafuta kwa kiganja chake kikavu, akaondoka bila neno, na ulibaki unatazama doa. Alisema sifuri ni mlinzi wa mlango, na nukta peke yake ni kitu kidogo sana, nzi anaweza kuiacha karatasini na nzi anaweza kuiondoa. Katika chumba kile chenye unga tuliona wenyewe. Nukta zilipotea kweli. Unaandika sifuri nukta tano, unafunga daftari, unalifungua kesho yake nukta imefunikwa.

Ulimi wake ulikuwa mkali kupita kiasi, sitamsafisha kwa sababu hayupo. "Wewe akili unayo, ila umeikodisha," aliniambia wiki ya kwanza, mbele ya wote. Sifa zake zilikuwa chache na zote zilikuwa neno moja: "Sawa." Akiridhika sana aligonga ule mlango wake mara mbili kwa vidole. Ningeweza kuhesabu kwa mkono mmoja mara alizougonga kwa ajili yangu. Kifuani alibandika saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini, kama zile za wauguzi wa zamani, na akiwa anasikiliza jibu aliinua macho, akaishika saa ile, kana kwamba jibu lako lina mapigo ya kupimwa.

Hapo ndipo tulipojua kwamba aliwahi kuwa sista wa hospitali. Mengine tuliambiwa na soko. Sikumaliza hata wiki kabla mama mmoja muuza nyanya hajanivuta mkono.

"Unasoma kwa yule? Yule si aliua mtoto?"

Nilitaka kuacha. Niseme ukweli, sikubaki kwa ushujaa, nilibaki kwa sababu Geita ilikuwa inaningoja. Lakini tangu siku hiyo nilianza kumchunguza, na nikaona jambo. Mwalimu hakuwahi kuvuka geti la hospitali. Kabula alipolazwa kwa malaria, Mwalimu alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaja nami mpaka getini, akanikabidhi. Niliingia, nikakaa na mgonjwa karibu saa nzima. Nilipotoka alikuwa bado amesimama pale pale na waendesha bodaboda, jua lote la saa saba, mikono ameikunja. Aliniuliza homa ngapi, anapewa dawa gani, nani anampa, wanaopima ni wangapi. Nilipomwambia ni sista mmoja tu, uso wake ulibadilika, akatangulia mbele yangu mpaka Mkuyuni.

Kuna wakati sehemu zilinishinda. Kugawanya sehemu kwa sehemu, unageuza ya pili kichwa chini halafu unazidisha, sikuelewa kwa nini igeuzwe, na yeye hakukubali nigeuze bila kuelewa. Nililia, nikabeba kigoda changu, nikabaki nyumbani Mkolani siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nafua nikasikia hodi. Alikuwa amekuja kwa miguu, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu," mama alimwamkia akimletea kiti.

"Marahaba. Nimemfuata mtoto."

"Mwalimu, tumshukuru Mungu kwa ulipomfikisha. Hesabu si za ukoo wetu. Mimi nimemaliza la saba sijui kugawanya."

"Watoto wako wangapi?"

"Watano."

"Jana mboga ilikuwa nini?"

"Sato wawili."

"Nani alikosa?"

Mama alicheka kwa aibu. "Hakuna aliyekosa."

"Basi usimdanganye mtoto kuhusu ukoo," alisema, na akaomba maji ya kunywa. Kisha alinikalisha kwenye mkeka, akachukua limau moja, akalikata nusu, nusu akaikata robo, akaniuliza robo ngapi zinaingia kwenye limau zima. Nne. Kwenye malimau sita? Ishirini na nne. Nikaona kwa nini inageuzwa. Nilimpenda sana saa ile, na sikuwa na njia ya kumwambia, kwa hiyo nilimfuta viatu vumbi.

Ilibaki kama wiki mbili kabla ya mtihani. Tulikuwa tisa, kwa hiyo kundi moja lilikuwa la watatu. Alisoma swali: mtoto ana kilo nane, dawa ni sifuri nukta tatu miligramu kwa kila kilo, kichupa cha sindano kina mililita mbili na ndani yake miligramu kumi, utavuta mililita ngapi? Tulikokotoa tukiwa tumepeana migongo. Nane mara sifuri nukta tatu ni miligramu mbili nukta nne. Mililita moja ina miligramu tano. Mbili nukta nne gawanya kwa tano. Moja, mbili, tatu: sifuri nukta nne nane, nikasema, na Kabula akasema hivyo hivyo. Chumba kizima kilisema hivyo hivyo. Nusu mililita kasoro kidogo, linaingia akilini.

"Ngojeni," alisema Mwalimu.

Alikwenda ubaoni, akalifanya mwenyewe, polepole, kwa mwandiko wake mzuri. Mwisho akaandika nne nukta nane, akapiga mistari miwili chini yake. Akatugeukia na uso usio na utani.

"Mimi nimepata nne nukta nane. Nani mwenzangu?"

Mashine ilikuwa inanguruma. Niliangalia daftari langu. Nilikuwa nimelifanya mara mbili, na mtu aliyenipa mgongo alikuwa amepata kama mimi. Lakini huyu alikuwa Mwalimu. Nililowesha kidole gumba kwa ulimi, nikaifuta sifuri, nikasogeza nukta.

"Mimi, Mwalimu," nikasema. Nilikuwa wa kwanza.

Kabula alifuata. Halafu wengine, mmoja mmoja, tisa wote. Alituhesabu kwa kidole.

"Kichupa kina mililita mbili. Mtavunja vichupa vingapi?"

"Vitatu," tulijibu.

Aliweka chaki chini. Akatoka, akamwomba mzee azime mashine. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ukimya ulipoingia kile chumba nilihisi masikio yangu yameziba.

"Nilikuwa sista wa zamu, wodi ya watoto," alianza akiwa amesimama. "Hodari. Kila mtu alijua mimi hodari, na mimi nilijua. Aliletwa mtoto wa kilo nane, ana degedege. Nilikokotoa kichwani, nikapata hiyo mnayoiona ubaoni. Nilikuwa na binti mgeni, mwezi wake wa pili kazini, kazi yake kuhakiki na kutia sahihi. Nilimwona anasitasita. Nikamwambia, binti, tunachelewa. Akatia sahihi. Nikavunja kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vitatu, kwa mtoto wa kilo nane. Mikono yangu ilijua, na mimi sikuisikiliza. Na yeye ndiye aliyekuwa ananisogezea vichupa."

Yeye aliendelea bila kubadili sauti.

"Mama yake alikuwa ameteremka kuchota maji. Aliporudi, mtoto alikuwa ameacha kupumua. Baadaye walinionyesha karatasi ya yule binti. Pale alipofuta niliona alichokiandika kwanza. Sifuri nukta nne nane. Alikuwa amepata. Alifuta kwa sababu yangu."

"Wakakufukuza?" Kabula aliuliza kwa sauti ndogo.

"Walinisimamisha, halafu wakaniambia nirudi. Sikurudi. Yule binti aliacha kabla yangu, siku hizi anauza vitenge. Tukikutana njiani ananiamkia shikamoo, na mimi naitikia marahaba. Natamani siku moja anitukane." Alichukua kitambaa akaanza kufuta ubao. "Hesabu mtazijua, hazina shida. Mimi natafuta mtu mmoja wa kunikatalia. Leo nimekosa, tisa kwa tisa. Kesho saa mbili."

Nilitembea mpaka Mkolani na kigoda kichwani siku ile, sikutaka kuongea na mtu. Kidole changu gumba kilikuwa na wino. Nilikisugua kwa sabuni na bado niliuona. Alikuwa ametutega, ndiyo, lakini mtego ulikuwa ni sisi wenyewe, na nilijua kama ingekuwa wodini ningemsogezea vile vichupa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi mmoja kule Ilemela. Maswali hamsini. Kila swali nililifanya, nikalifunika kwa kiganja, nikajiambia tuanze upya, nikalifanya tena. Kuna mahali niligeuka kwenye kiti nikawapa wenzangu mgongo bila kujua, msimamizi akaja akaniuliza kama naumwa. Tulifaulu wote wawili, mimi na Kabula, na Geita ikabaki bila mimi. Nilipompelekea Mwalimu habari, nilikimbia kutoka barabarani. Alisikiliza akiwa ameshika saa yake.

"Ulirudia mangapi?"

"Yote."

Aligonga mlango mara mbili. Sherehe ilikwisha hapo.

Miaka ilipita. Mimi na Kabula tulisoma, tukahitimu, tukapangiwa hospitali moja, na baadaye wodi moja, ya wanawake. Nilikuwa nikipata nafasi naenda kumsalimia kule kwenye mashine, na kila nilipokwenda vigoda vilikuwa vimepungua. Alianza kusoma swali mara mbili. Halafu mara tatu, akiwa hakumbuki kwamba ameshalisoma. Mwishowe alikuwa anakaa mbele ya ule mlango mweusi peke yake, chaki mkononi, na mzee wa mashine akimletea uji. Huyo mzee ndiye aliyemleta hospitali kwa bajaji, homa ya mapafu imembana, na hivyo ndivyo alivyovuka lile geti, akiwa amelala na hajui. Alikaa kwetu siku sita. Ya nane tulimzika. Ninayotaka kuiandika ni ya tano.

Ilikuwa saa kumi jioni, wageni wameshatoka, jua limeingia dirishani mpaka kitandani kwake na kwa mbali ziwa linaonekana katikati ya mawe. Kabula alikuwa na trei ya dawa. Mimi nilikuwa namrekebisha mto. Alifungua macho, akaangalia sare yangu, na nikajua hapohapo kwamba hayupo wodi yetu. Alikuwa amerudi kwenye ile nyingine, ya zamani.

"Binti," aliniambia. "Yule mtoto wa degedege yuko wapi?"

"Mwambie amepona," Kabula alinong'ona.

Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza. "Kilo nane. Sifuri nukta tatu kwa kila kilo. Kichupa mililita mbili, miligramu kumi. Lete karatasi, binti, mama yake ameteremka kuchota maji."

Nilimpa fomu kuukuu na kalamu yangu. Akajiinua akakaa, akageukia ukutani. Mgongo wake ulikuwa umebaki mifupa. Nilikaa pembeni mwa kitanda, nikampa mgongo wangu, nikausikia wake unaugusa. Jibu nilikuwa nalijua kwa miaka yote hiyo, ila nililikokotoa, kwenye kiganja, kwa kidole. Nikasikia kalamu yake inakwaruza.

"Moja, mbili, tatu," alisema.

"Sifuri nukta nne nane," nikasema mimi.

"Nne nukta nane," akasema yeye. Safari hii hakuwa anatutega.

"Tuanze upya, Sista," nikamwambia.

Tulianza upya. Alipata tena nne nukta nane, na sauti yake ikawa ile ya zamani, yenye makali.

"Binti, tunachelewa."

Kabula alisogea karibu yangu, machozi yamemlenga. "Mkubalie tu, mwenzangu. Mgonjwa huyu. Hapa hakuna mtoto, itamdhuru nani?"

Na ni kweli hapakuwa na mtoto. Hapakuwa na kichupa cha kuvunja. Neno moja tu, mimi mwenzako, na angelala. Nilimpenda, na nilitaka alale.

"Tuanze upya, Sista."

Mara ya tatu alikaa muda mrefu. Kalamu ilikwaruza, ikasimama, ikakwaruza.

"Nimefanya kazi wodi hii kabla hujazaliwa," alisema kwa ukuta.

"Najua, Sista."

"Kila mtu hapa ananijua."

"Najua. Sikubali. Sifuri nukta nne nane."

Kabula aliweka trei chini, akavuta kipande cha karatasi mfukoni, akageukia dirisha akatupa mgongo sote wawili, akaanza kukokotoa. Tulimsubiri. Alipomaliza alisema jibu lake kwa sauti, na lilikuwa kama langu.

"Vichupa vingapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kimoja. Na hata hicho hakiishi."

"Kimoja," alisema. Mwili wake ulilegea polepole, mpaka uzito wake wote, uliokuwa mdogo sana, ukaniegemea. "Basi vile viwili virudishe kabatini."

Nilimlaza, nikaenda mpaka kwenye kabati la dawa, nikalifungua, na nikalifunga kwa kishindo ili asikie.